Kumbukumbu za Kikao cha Dharura Kuhusu Rangi Iliyochuruzika Kwenye Sendofu ya Jenifa

UMOJA WA VINYOZI, WASUSI NA WAPAMBAJI, BABATI MJINI
KAMATI YA NIDHAMU NA UFUNDI

Kikao kilifanyika Jumapili, tarehe 8 Septemba 2024, kuanzia saa nane mchana, katika saluni ya Mwenyekiti, Maisaka.

WALIOHUDHURIA
1. Bi. Antonia (Mama Theodori) – Mwenyekiti
2. Bi. Brigita – Mhazini
3. Bi. Ursula – Mjumbe (mlalamikiwa)
4. Ndg. Elineema – Katibu (kinyozi)

WALIOALIKWA
1. Mama Jenifa, mkulima wa Sigino – mlalamikaji
2. Jenifa, binti yake, muuzaji katika duka la pembejeo Nangara – bibi harusi mtarajiwa

WASIOHUDHURIA
1. Ndg. Theophil – kwa taarifa, yuko msibani
2. Bi. Sabrina – bila taarifa. Simu yake iliita bila kupokelewa

KUMB. NA. 1/09/2024: KUFUNGUA KIKAO

Mwenyekiti alifungua kikao kwa sala fupi na kuwashukuru wajumbe kwa kuacha mapumziko ya Jumapili. Alieleza kwamba kikao ni cha dharura kwa sababu harusi ya Jenifa ni Jumamosi inayokuja, na baada ya hapo malalamiko yatakuwa ya kuhadithiana tu. Aliagiza simu zizimwe. Bi. Brigita aliomba yake ibaki wazi kwa kuwa ndiyo yenye ile video ya sendofu. Mwenyekiti alisema kila aliyemo ndani ameshaiona, na haoni faida ya kuitazama tena mbele ya aliyerekodiwa. Simu ilizimwa.

KUMB. NA. 2/09/2024: MALALAMIKO YA MAMA JENIFA

Mama Jenifa alikaribishwa kueleza. Alianza kwa kusema kwamba hajawahi kuingia kwenye kikao cha watu wa saluni, hivyo akikosea utaratibu asamehewe. Mwenyekiti alimwambia azungumze tu kama anavyozungumza nyumbani kwake.

Alieleza kwamba Jenifa ana mbalanga, yaani mabaka meupe ya ngozi. Yako kwenye viwiko, magoti, shingo, vifundo vya miguu na vidole vya mikono. Kwa ajili ya sendofu, yaani sherehe ya kumuaga, iliyofanyika ukumbini hapa Maisaka Jumamosi ya wiki iliyotangulia, Bi. Ursula alimpulizia rangi ya mwili kwa mashine ili ngozi yote ifanane. Alipotoka saluni alikuwa amependeza, "mpaka nikamzunguka kumtafuta yule ninayemjua."

Lakini Jenifa alipoanza kucheza akiingia ukumbini, rangi ilianza kuchuruzika. Michirizi ilishuka kutoka kwapani hadi kwenye kiganja. Viwiko viligeuka vyeusi kama vya mtu aliyeegemea masizi, katikati ya vidole pakabaki peupe, na gauni lilichafuka ubavuni. Watu walirekodi. Kabla keki haijakatwa, video ilikuwa imeshafika Dareda kwa ndugu wa bwana harusi ambao hata hawakuja.

Mama Jenifa alisema kinachomuuma si gauni. Shangazi wa bwana harusi ameanza kuwaambia watu kwamba binti huyo anatumia mkorogo, na kwamba ngozi inamtoka kwa sababu ya krimu hizo za kujichubua. Alisema: "Mtoto wangu hajapaka mkorogo hata siku moja. Ugonjwa umemkuta shuleni, hakuuita. Sasa anaolewa na jina la mtu aliyejiharibu mwenyewe."

Alipoulizwa anataka Kamati ifanye nini, alijibu kwamba hakuja kudai fedha. Anataka Bi. Ursula azuiwe kufanya kazi hiyo kwa mtu mwingine, na Umoja useme wazi kosa lilikuwa la nani.

KUMB. NA. 3/09/2024: MAELEZO YA BI. URSULA

Kabla mlalamikiwa hajajibu, Bi. Brigita aliomba nafasi. Alikumbusha kwamba Umoja unakataza mwanachama kuuza au kupaka mkorogo, akapendekeza Kamati ijiridhishe kwanza ndani ya ile mashine kuna nini. Alisema yeye hamtuhumu mtu, ila wanaouliza ni wengi. Bi. Ursula alitaka kujua hao wengi ni akina nani. Bi. Brigita alijibu kwamba wanajijua. Bi. Ursula alisema tangu ahame saluni ya Bi. Brigita akafungue ya kwake, kila baya linalotokea kwenye ngozi ya mtu hapa Babati linaambiwa lina mkono wake.

Mwenyekiti aliwaelekeza wazungumze kupitia kwake. Waliendelea kwa muda kuzungumza kupitia kwake, yaani wakimtazama yeye na kusemana wao.

Bi. Ursula aliweka chupa ya rangi mezani na kuifungua. Mwenyekiti aliinusa, akajipaka mgongoni mwa mkono, akasubiri, kisha akanawa kwa sabuni. Rangi ilitoka yote na ngozi ilikuwa kama ilivyokuwa. Kamati iliridhika kwamba hii ni rangi ya kujipamba na si mkorogo. Bi. Brigita aliomba iandikwe kwamba yeye aliuliza tu. Imeandikwa.

Akijitetea, Bi. Ursula alisema hatadai kwamba hakukosea. Siku ile alikuwa na wateja wengi na aliharakisha. Alimpulizia Jenifa akiwa amesimama na mikono imening'inia, kwa hiyo kwapani na ndani ya kiwiko rangi ilijaa. Viwiko na magoti hakuvisugua kwanza, na ngozi kavu hunywa rangi kuliko sehemu nyingine, ndiyo maana vilikuwa vyeusi. Hayo anayakubali. Asichokielewa ni kwa nini rangi ilimwagika. Alikuwa ameijaribu kwenye mwili wake mwenyewe, akatembea juani kutoka Maisaka hadi stendi na kurudi, na haikutoka.

Alisema: "Jasho peke yake haliwezi kuimwaga vile. Wiki nzima najiuliza nilimfanya nini yule dada. Naona ile video hata nikiwa sijaishika simu." Hapo sauti ilimkatika. Aliyekuwa karibu na ndoo ya maji ya kunywa ni Bi. Brigita, akamchotea. Bi. Ursula alipokea na kushukuru.

KUMB. NA. 4/09/2024: MAELEZO YA JENIFA

Mwenyekiti alimwomba Jenifa azungumze, kwa kuwa mwili unaojadiliwa ni wake. Jenifa alieleza kwamba mbalanga ilimwanza akiwa darasa la tano. Alitibiwa kwa muda, mabaka yakapungua mgongoni na kuongezeka mikononi, na sasa amezoea. Alisema hamlaumu Bi. Ursula kama mama yake anavyomlaumu, na kwamba Jumamosi bado anataka kupuliziwa rangi.

Bi. Brigita alimuuliza, kwa upole, kwa nini ahangaike tena na rangi wakati mchumba wake anamjua alivyo na Mungu ndiye aliyemuumba hivyo. Jenifa alimjibu: "Dada Brigita, wewe umesukia nywele za dukani na hakuna aliyekuuliza kama umemkataa Mungu."

Mwenyekiti alikohoa. Jenifa aliendelea kwamba hakusema hivyo kwa kumkosea heshima. "Pale dukani mteja mpya akija, anatazama kwanza mikono yangu, halafu ndiyo ananitazama mimi. Nampimia mbegu huku naona anajiuliza kama itamwambukiza. Nimezoea, simchukii. Lakini siku ya harusi nataka watazame gauni. Siku moja. Jumapili nitaamka na mabaka yangu, sijayakimbia."

Mwenyekiti alitoa uamuzi kwamba suala la kama Jenifa apake au asipake limefungwa na halitajadiliwa tena na mtu yeyote. Kamati ya ufundi kazi yake ni kujua itapakwaje ikae sawasawa.

KUMB. NA. 5/09/2024: SABABU YA RANGI KUMWAGIKA

Bi. Ursula aliomba kumuuliza Jenifa kilichotokea tangu alipotoka saluni mpaka alipoingia ukumbini. Jenifa alisema alikwenda kwa mama yake mdogo hapa Maisaka, akala kidogo, akavaa, akasubiri gari. Bi. Ursula aliuliza kama alijipaka kitu chochote. Jenifa alijibu kwamba yeye hakujipaka. Bi. Ursula alirudia swali: hakuna kitu chochote kilichogusa ngozi? Jenifa alitazama chini.

Mama Jenifa ndiye aliyejibu. Alisema, "Mimi nilimpaka mafuta."

Alieleza kwamba wakati binti yake anavaa aliona viwiko havina mng'ao, vimekauka, naye hakuweza kumwacha atoke mbele za watu amepauka. Alikuwa na kopo la mafuta ya mgando kwenye mkoba. Alimpaka viwiko, mikono na mabega, kidogo tu, akamfuta. Alisema tangu Jenifa akiwa darasa la tano alikuwa akimpaka mafuta hayo kila asubuhi kabla ya kwenda shule, ili mabaka yasipasuke kwa jua na wenzake wasione sana. "Hata sikufikiri. Mkono ulikwenda wenyewe."

Bi. Ursula alieleza, kwa sauti ya chini, kwamba rangi ile huvumilia jasho lakini haivumilii mafuta. Mafuta huiyeyusha, na joto la mwili likija juu yake huichuruzisha.

Mama Jenifa alisema, "Kumbe ni mimi." Kisha alimwambia binti yake maneno ya Kiiraqw ambayo Katibu hakuyaelewa, kwa hiyo hayakuandikwa. Jenifa alisogeza kigoda akakaa karibu naye na kumjibu kwa Kiswahili, "Mama, ulinipaka kama siku zote."

Mwenyekiti alimuuliza Jenifa kama alikuwa analijua jambo hili kabla ya leo. Jenifa alisema alihisi tangu walipokuwa bado ukumbini, maana palipoanza kuteleza ni pale mama alipompaka, lakini hakuona sababu ya kusema. Mwenyekiti alimuuliza kwa nini basi alikubali kuja kwenye kikao. Alijibu kwamba mama yake alikuwa ameshapanga kuja, na asingemwacha aje peke yake.

Mama Jenifa alisimama, akaomba malalamiko yake yafutwe, akachukua mkoba wake. Mwenyekiti alimwomba aketi. Alisema kosa si la mtu mmoja. Kisha alimuuliza Bi. Ursula kama alimwambia mteja au mzazi wake kwamba mafuta hayaruhusiwi. Bi. Ursula alikiri kwamba hakusema. Alidhani kila mtu anajua. Mwenyekiti alisema yeye yuko kwenye kazi hii tangu wengine hawajazaliwa, na hakujua mpaka dakika hii. Bi. Ursula alimwomba radhi Mama Jenifa. Mama Jenifa alisema, "Na mimi nilikuita majina, mwanangu, huko nyumbani. Hukusikia, lakini nilikuita." Walishikana mikono na Mama Jenifa akaketi.

KUMB. NA. 6/09/2024: MAJARIBIO

Ilikubaliwa kwamba kabla ya kuamua lolote, rangi ijaribiwe hapohapo kwenye mkono mmoja, shingo na mguu mmoja wa Jenifa. Kwa kuwa ilibidi Jenifa avue na kufunga kanga, Katibu alitakiwa kutoka nje. Sehemu hii imeandikwa kutokana na maelezo ya Bi. Brigita. Maneno ni yake, mpangilio ni wa Katibu.

Bi. Brigita alisugua kiwiko, goti, kifundo cha mguu na kisigino kwa dodoki na maji ya uvuguvugu, kisha akakausha kabisa, hasa kwenye mikunjo. Alipaka losheni nyepesi isiyo na mafuta sehemu hizo kavu peke yake, akaifuta mpaka ukabaki unyevu tu, ili zisinywe rangi kupita sehemu nyingine. Mama Jenifa aliuliza kama hiyo losheni nayo haitayeyusha. Alipewa chupa aishike na kuisugua kwenye vidole vyake mpaka aliporidhika.

Bi. Ursula alimwambia Jenifa aweke kiganja kichwani ili kwapa lifunguke, na asubiri pakauke kabla ya kushusha mkono. Kiwiko alikipuliza kikiwa kimekunjwa, kwa sababu kikinyooshwa hukunjamana, rangi hukaa juu ya mikunjo, na mtu akija kukunja mkono mistari myeupe inatokea. Mashine aliishika mbali kidogo na mwili na hakuisimamisha mahali pamoja hata mara moja. Kwanza alipuliza mabaka peke yake, kidogo kidogo, akiacha kila tabaka likauke, mpaka yalipokaribiana na ngozi ya pembeni. Ndipo akapita mkono mzima. Nyuma ya masikio na kwenye mkunjo wa shingo hakupuliza, alitumia sifongo.

Kwenye goti walitofautiana. Bi. Ursula alitaka Jenifa asimame wima, Bi. Brigita alitaka akae akunje. Walijaribu njia zote mbili. Wima liliacha mistari, na kukunjwa sana kuliacha doa katikati. Mwenyekiti alisema akunje nusu, kama mtu anayepanda ngazi, na hapo likatoka sawa. Hakuna aliyesema ameshinda.

Kwa upande wa mguu, Bi. Brigita alipiga magoti akashika unyayo na kutanua vidole. Wakati huo alimwambia Bi. Ursula, "Sogeza mashine, unajaza kisigino," na Bi. Ursula akasogeza. Mwenyekiti ameagiza iandikwe kwamba hayo yalikuwa maneno ya kwanza ya kazi kati ya wajumbe hao wawili yasiyopitia kwake tangu mwaka jana.

KUMB. NA. 7/09/2024: YALIYOZUNGUMZWA NJE

Mwenyekiti ameagiza pia haya yaandikwe, ingawa hayakuwa kwenye ajenda.

Wakati Katibu amekaa kwenye benchi nje ya saluni, alifika kijana kwa pikipiki, akampa Katibu shikamoo na kujitambulisha kuwa ni Paskali, fundi seremala wa Dareda, mchumba wa Jenifa. Alikuja kumchukua Jenifa na mama yake. Katibu alimweleza kwamba kikao bado kinaendelea na kwamba wanaume hawaruhusiwi ndani kwa sasa. Paskali alisema atasubiri.

Kisha Paskali aliuliza kama wanamgombeza. Katibu alimjibu hapana, wanampaka rangi. Paskali alisema mara ya kwanza kumwona Jenifa ilikuwa pale dukani, alikwenda kununua dawa ya mchwa. Alimuuliza kuhusu mikono yake, na Jenifa alimweleza yote palepale huku akimfungia dawa, kama anayeeleza bei. "Nilikwenda tena wiki iliyofuata wakati ile dawa ilikuwa haijaisha."

Kuhusu shangazi yake, alisema ndiye aliyemlea baada ya mama yake kufariki, na ni mwoga wa kila ugonjwa. Amemweleza kwamba si mkorogo, lakini shangazi anaamini zaidi kile alichokiona kwenye simu. Katibu alimuuliza kama yeye mwenyewe anapenda bibi harusi apake rangi. Paskali alijibu, "Ningeulizwa, ningesema abaki alivyo. Lakini siyo mimi nitakayetazamwa siku nzima."

KUMB. NA. 8/09/2024: MATOKEO NA SUALA LA MIKONO

Katibu aliitwa ndani Jenifa alipokwisha kujisitiri. Mkono wa Jenifa, shingo na mguu vilikuwa na rangi moja, bila michirizi wala mpaka. Katibu anakiri kwamba alitazama mguu usiofaa na kuusifia, akasahihishwa.

Jenifa aliombwa abebe ndoo ya maji azunguke uani juani mpaka atoe jasho. Alizunguka. Kiwiko na kwapa vilifutwa kwa taulo jeupe, na taulo lilibaki jeupe. Mama Jenifa alichukua taulo lile mwenyewe akafuta tena, kwa nguvu zaidi kuliko ilivyohitajika. Rangi ilikaa.

Tatizo lilibaki kwenye vidole. Mwenyekiti alieleza kwamba bibi harusi hushikwa mkono na kila mgeni, hivyo ni lazima na hilo lijaribiwe. Jenifa alishikana mikono na wote waliokuwemo, mmoja mmoja, wakarudia na kurudia. Rangi ilitoka kwenye vifundo vya vidole na kwenye gumba, mabaka yakaonekana nusunusu, na viganja vya wajumbe vikachafuka. Bi. Ursula alinawisha na kupuliza upya kwa uangalifu mkubwa. Ilikuwa vilevile.

Bi. Ursula alisema: "Dada Jenifa, sitakudanganya. Sehemu nyingine zote nakuhakikishia. Vidole siwezi. Vinajikunja muda wote, vinasuguliwa, na mstari wa wageni utakuwa mrefu. Itatoka, na itatoka vibaya."

Mwenyekiti alipendekeza glavu za harusi. Jenifa alisema pete itavalishwa juu ya nini, tena ukumbini kuna joto. Mama Jenifa alipendekeza wageni wapunge mkono tu kutoka mbali. Jenifa alimuuliza, kwa utani, kama na padre atapunga.

Kisha Jenifa alikaa akijitazama mikono, mmoja wenye rangi na mwingine usio nayo. Hakuna aliyemharakisha. Mwishowe aligusa chini kidogo ya kiwiko akasema, "Basi iishie hapa. Mikono muiache."

Mama Jenifa alisema watu wataona. Jenifa alisema, "Wataona, mama. Wakiniuliza nitawaambia. Nilichokuwa nakiogopa ni kile cha kutoka nusunusu, kama mtu aliyekamatwa."

Bi. Brigita alieleza kwamba rangi ikikatwa ghafla itaacha mstari mkononi kama soksi, na hilo litakuwa baya kuliko michirizi. Bi. Ursula alikubaliana naye.

Katibu aliomba kuchangia. Alieleza kwamba sisi vinyozi tunaponyoa fedi, nywele huanza nyingi juu na kupungua kidogo kidogo hadi ngozini, bila mtu kuweza kuonyesha zilipoishia. Siri ni kutoanzia kwenye mpaka: unaanzia juu unashuka, na kila unaposhuka mkono unakuwa mwepesi zaidi. Aliuliza kama mashine haiwezi kufanya hivyo. Bi. Ursula alisema anaweza kujaribu. Alijaza rangi kwenye kiwiko, akashuka akiivuta mashine mbali zaidi na ngozi, na alipokaribia kifundo cha mkono ilikuwa ni mvuke tu. Mkono uligeuka taratibu kutoka rangi ya dukani hadi rangi ya Jenifa mwenyewe, na mabaka yalianza kuonekana pale yalipotakiwa kuonekana. Wajumbe waliutafuta mstari na hawakuuona.

Paskali, ambaye alikuwa amechoka kusubiri, alichungulia mlangoni. Alimwona Jenifa ameinua mikono. Alisema, "Mikono imebaki." Jenifa alisema, "Imebaki." Paskali alisema, "Sawa," na Mwenyekiti akamwomba arudi nje.

KUMB. NA. 9/09/2024: MAAZIMIO

Iliazimiwa kwamba:

Bi. Ursula hazuiwi kufanya kazi, ila kuanzia sasa yeye na wajumbe wote wanaotumia rangi ya kupuliza watamweleza mteja kwa mdomo, pamoja na mama, dada au yeyote atakayemvalisha, kwamba mafuta hayaguswi. Rangi isijaribiwe kwa mara ya kwanza siku ya sherehe.

Asubuhi ya Jumamosi Bi. Ursula atapuliza, na Bi. Brigita atasugua, atashika miguu na kuangalia nyuma ya magoti. Bi. Brigita ndiye aliyejitolea. Bi. Ursula hakupinga.

Mwenyekiti atakwenda yeye mwenyewe Dareda kumwona shangazi wa Paskali na kumweleza kwamba Umoja umekagua na hakuna mkorogo. Jenifa alishukuru lakini aliomba Mwenyekiti asiende. Alisema shangazi akiambiwa na mtu wa saluni ataona amepangiwa maneno. Atamweleza yeye mwenyewe siku watakapokutana. Azimio hili liliondolewa.

Kabla ya kufunga, Mama Jenifa aliuliza yeye Jumamosi atafanya kazi gani. Mwenyekiti alimwambia kazi yake ni kukaa na kupumzika kama mama wa bibi harusi. Mama Jenifa alisema hajui kukaa binti yake akiwa anatengenezwa, na mikono yake itatafuta kopo la mafuta. Bi. Ursula alifikiri, kisha akasema kila tabaka la rangi linahitaji upepo ili likauke, na kwamba kanga ni bora kuliko feni kwa sababu haipeperushi vumbi. Mama Jenifa aliuliza apepee kwa namna gani. Alionyeshwa. Kazi ya kupepea ilikabidhiwa kwake.

KUMB. NA. 10/09/2024: KUFUNGA KIKAO

Hakukuwa na mengineyo. Mwenyekiti alifunga kikao saa kumi na moja jioni. Wajumbe waliombwa wanawe mikono kabla ya kushika chochote cheupe.

NYONGEZA

Kumbukumbu hizi zilisomwa na kuthibitishwa katika kikao cha Jumapili, tarehe 22 Septemba 2024. Mwenyekiti aliagiza taarifa ifuatayo iongezwe kabla ya kutiwa saini, kama ilivyotolewa na Bi. Ursula na Bi. Brigita kwa pamoja.

Siku ya harusi rangi ilikaa asubuhi yote, kanisani na ukumbini. Ulitokea mchirizi mmoja nyuma ya goti la kushoto, ambao Bi. Brigita aliuona na Bi. Ursula anasema haukuwepo. Mama Jenifa alipepea mpaka akaambiwa inatosha, akaendelea.

Padre alipowaambia maharusi washikane mikono, watu wa mbele waliona na wakanong'onezana. Jenifa hakuificha. Picha zilitoka vizuri.

Baada ya misa maharusi walisimama nje kupokea pongezi, na jua lilikuwa kali. Shangazi wa Paskali alipofikiwa na zamu aliushika mkono wa Jenifa, akaugeuza juu na chini, akautazama kwa muda mrefu mpaka waliokuwa nyuma yake wakaanza kukohoa. Bi. Ursula, aliyekuwa karibu ameshika kitambaa cha kumfutia jasho, alimsikia akiuliza kama inauma.

Jenifa alisema, "Haiumi, shangazi. Ila jua ndilo linalonichoma hapa palipo peupe."

Shangazi hakuuachia mkono. Alimvuta Jenifa taratibu mpaka chini ya paa la kanisa, Paskali akafuata, na wageni wote waliokuwa nyuma wakalazimika kuihamishia foleni kivulini.

Saini:

........................................
Bi. Antonia, Mwenyekiti

........................................
Ndg. Elineema, Katibu